Mfereji Ukikauka Hutazamwa Juu: Utatuzi wa Hitilafu katika Uundaji wa Mafurushi ya Programu

Utangulizi

Mnamo Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya ofisi iliyoitwa OpenOffice.org. Kazi hiyo ilifanywa chini ya mradi wa Kilinux, uliowaleta pamoja wataalamu wa tarakilishi, wataalamu wa Kiswahili na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Kabla ya mwaka kumalizika, Oktoba 2005, OpenOffice.org ilitoa toleo la 2.0, lenye menyu na jumbe ambazo hazikuwamo katika toleo lililotafsiriwa. Tukio hilo linafunza jambo moja kubwa: tafsiri ya programu si kama tafsiri ya kitabu. Kitabu kikishachapwa hubaki kilivyo, lakini programu hubadilika kila mara, na tafsiri isiyoundwa upya pamoja nayo huzeeka na hatimaye kufa.

Wanafunzi wa Kiswahili wengi wana uwezo wa kutafsiri jumbe za programu, na baadhi yao wamekwisha kufanya hivyo. Tatizo hujitokeza pale mtafsiri anapotaka kuiona kazi yake ikifanya kazi ndani ya mashine. Hapo hulazimika kuliunda furushi la programu, na mara nyingi huishia kukabiliwa na mistari mamia ya Kiingereza asiyoielewa. Wengi hukata tamaa papo hapo na kumwachia fundi asiyejua Kiswahili aamue hatima ya maneno yao. Makala haya yanaeleza furushi la programu huundwaje katika mifumo ya jamii ya Unix, hitilafu hutokea wapi, na namna ya kuzitafuta na kuzitatua kwa utaratibu. Msisitizo maalumu umewekwa katika hitilafu zinazotokana na lugha yenyewe, kwa kuwa hizo ndizo mtaalamu wa Kiswahili anazoweza kuzitatua kuliko mtu mwingine yeyote.

Furushi na Hatua za Kuliunda

Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kutengeneza mfumo huria unaofanana na Unix, na mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, akatoa kiini cha Linux. Mifumo ya Debian, Ubuntu, Fedora na FreeBSD yote ni ya ukoo huo, ingawa FreeBSD haitumii kiini cha Linux.

Programu huandikwa na binadamu kwa lugha ya programu kama vile C. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Mashine haiwezi kuyatekeleza yalivyo. Ni sharti yageuzwe kuwa msimbo wa mashine. Furushi la msimbo chanzo ni mkusanyiko wa maandishi hayo pamoja na maelekezo ya kuyageuza, faili za tafsiri na nyaraka, vyote vikiwa vimefungwa katika faili moja. Kuliunda furushi ni kulifungua, kuyageuza maandishi yake na kuiweka programu inayopatikana mahali pake.

Kwa kawaida kazi hii hupitia hatua nne:

(i) Kufungua furushi kwa amri ya “tar”.

(ii) Matayarisho, kwa amri ya “./configure”. Hapa furushi huichunguza mashine: je, ina kompaila? Ina maktaba zinazohitajika? Majibu huandikwa katika faili iitwayo Makefile.

(iii) Ujenzi wenyewe, kwa amri ya “make”. Kompaila hugeuza kila faili ya msimbo chanzo kuwa kipande cha msimbo wa mashine, kisha kiunganishi huviunganisha vipande hivyo pamoja na maktaba kuwa programu moja.

(iv) Usakinishaji, kwa amri ya “make install”, ambao hunakili programu na faili zake hadi katika saraka za mfumo.

Si kila furushi hufuata njia hii, kwani miradi mingine hutumia zana kama CMake au Meson. Hata hivyo mantiki ni ileile: kuchunguza, kugeuza, kuunganisha, kusakinisha. Mtu anayetambua kosa lake limetokea katika hatua gani amekwisha kulitatua nusu.

Kanuni ya Mfereji

Katika eneo la Taveta, Mahoo ikiwamo, kilimo cha migomba na mboga hutegemea sana maji yanayotoka upande wa Mlima Kilimanjaro na kutokeza katika chemchemi za Njoro Kubwa na katika mto Lumi. Maji hayo hufikishwa mashambani kwa mifereji. Mkulima anapoona maji hayafiki kwenye migomba yake, haanzi kuchimbua shamba lake. Huufuata mfereji kwenda juu, akipita mashamba mengine makavu, hadi afike mahali pa kwanza penye kizuizi: huenda ni gogo, tope au ukingo uliobomoka. Mashamba yote yaliyo chini ya hapo ni makavu kwa sababu ya kizuizi hicho kimoja. Kikiondolewa, yote hupata maji.

Ujumbe wa makosa wa kompaila hufuata kanuni hiyohiyo. Faili moja inapokosekana, majina yote yaliyotangazwa ndani yake huwa hayajulikani, na kila mstari unaoyataja hutoa kosa lake. Kosa moja huweza kuzaa makosa mia. Anayeanza kujifunza hutazama mstari wa mwisho katika skrini, ambao kwa kawaida husema tu kwamba “make” imeshindwa na kutaja “Error 1”. Mstari huo hauelezi chochote. Ni shamba la mwisho lililokauka. Kinachotakiwa ni kupanda juu hadi kosa la kwanza, kulitatua hilo peke yake, kisha kuanza kuunda upya.

Kwa kuwa mistari hupita kwa kasi, ni vyema kuihifadhi yote katika faili. Amri ya “make 2>&1 | tee ujenzi.txt” huonyesha jumbe kwenye skrini na wakati huohuo kuziandika katika faili ya ujenzi.txt, inayoweza kusomwa baadaye kwa utulivu. Aidha, watu wengi huongeza chaguo la “-j4” ili kazi nne zifanywe kwa pamoja. Jambo hilo huokoa muda, lakini huchanganya jumbe za kazi hizo nne, hivi kwamba kosa la kwanza hufichika kati ya jumbe zisizohusika. Wakati wa kutafuta hitilafu, “make -j1” ndiyo njia salama.

Hitilafu za Matayarisho

Hitilafu ya mapema kabisa ni furushi lisilokamilika. Kabla ya nyaya za mawasiliano za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti ya kimataifa, na kupakua furushi kubwa ilikuwa kazi ya saa nyingi. Hata sasa mawasiliano hukatika katikati. Furushi lililopakuliwa nusu huweza kuonekana zima hadi linapofunguliwa, na hapo “tar” hulalamika kwamba faili imekwisha ghafla. Ndiyo maana wasambazaji huchapisha pamoja na furushi alama yake ya utambulisho. Amri ya “sha256sum” hukokotoa alama ya faili iliyopakuliwa. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, furushi lipakuliwe tena.

Hitilafu ya pili, na iliyo maarufu zaidi, ni kukosekana kwa maktaba. Maktaba katika muktadha huu ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingi hushirikiana kuzitumia. Mfano ni zlib, maktaba ya kubana data. Mwanafunzi huambiwa kwamba zlib.h haipatikani. Anatazama mashine yake na kuona zlib imesakinishwa. Anashangaa.

Jibu ni kwamba maktaba ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutumiwa na programu zilizokwisha kuundwa, nayo huwapo karibu katika kila mashine. Sehemu ya pili ni faili za matangazo, ambazo majina yake huishia na .h na ambazo huieleza kompaila ni kazi zipi zinazopatikana na zinaitwaje. Sehemu hii huhitajika wakati wa kuunda tu, na kwa hiyo mifumo mingi huisambaza kama furushi la pekee. Katika Debian na Ubuntu majina ya mafurushi hayo huishia na “-dev”, na katika Fedora huishia na “-devel”. Hivyo tatizo la zlib.h katika Debian hutatuliwa kwa kusakinisha zlib1g-dev.

Pale “configure” inaposhindwa bila kueleza sababu wazi, isomwe faili ya config.log. Katika uchunguzi wake, “configure” huandika vijiprogramu vidogo na kujaribu kuviunda kimoja kimoja. Kila jaribio na kila kosa lililotokea huhifadhiwa humo. Mara nyingine ujumbe wa skrini husema maktaba haipo, ilhali config.log inaonyesha kwamba maktaba ipo ila kompaila yenyewe ndiyo isiyofanya kazi. Asiyeisoma faili hii huweza kutumia siku nzima akisakinisha vitu asivyovihitaji.

Hitilafu za Kugeuza na za Kuunganisha

Ni muhimu kutofautisha kosa la kompaila na kosa la kiunganishi. Kompaila hushughulikia faili moja kwa wakati na huridhika ikiambiwa tu kwamba kazi fulani ipo mahali fulani. Kiunganishi ndicho kinachodai kuiona kazi hiyo kwa macho. Kwa hiyo faili zote huweza kugeuzwa salama, kisha ujenzi ukashindwa mwishoni kwa ujumbe wa “undefined reference”, maana yake kwamba kuna jina lililotajwa bali mwenye jina hajulikani aliko. Dawa yake ni kukitajia kiunganishi maktaba inayohusika, kwa mfano “-lz” kwa zlib. Mpangilio nao una uzito: kwa kawaida maktaba hutajwa baada ya vipande vinavyoihitaji, kwa sababu kiunganishi husoma orodha kutoka kushoto kwenda kulia na huchukua katika maktaba yale tu ambayo yamekwisha kuombwa.

Hitilafu nyingine huonekana baada ya usakinishaji. Programu imeundwa na kusakinishwa, lakini inapoendeshwa husema haiwezi kuifungua maktaba yake. Hili hutokea sana maktaba mpya inapowekwa katika saraka ya /usr/local/lib bila mfumo wa Linux kuarifiwa. Amri ya “ldconfig”, ikitolewa na msimamizi wa mashine, huisasisha orodha ya maktaba na mara nyingi tatizo huondoka.

Ipo pia hitilafu yenye historia ya kuvutia. Programu ya “make” iliandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976. Katika Makefile, kila mstari wa amri ni lazima uanze kwa alama ya kichupo, si kwa nafasi za kawaida. Kwa macho hazitofautiani, lakini “make” hukataa na kusema “missing separator”, yaani kitenganishi hakipo. Feldman alitambua mapema kwamba uamuzi huo haukuwa mzuri, lakini alikuwa tayari na watumiaji kama kumi na wawili hivi na hakutaka kuwaharibia kazi. Watumiaji hao wachache ndio sababu ya mamilioni ya wengine kusumbuka hadi leo. Wanaisimu wataitambua hali hiyo, kwani tahajia za lugha nyingi zimebeba kasoro za aina hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo.

Hitilafu za Mashine na Mazingira

Si kila hitilafu hutoka katika msimbo. Nyingine hutoka katika mashine yenyewe, hasa mashine kuukuu za maabara za shule na vyuo.

Ya kwanza ni saa. “Make” huamua faili ipi igeuzwe upya kwa kulinganisha nyakati: ikiwa msimbo chanzo umeandikwa baada ya kipande kilichotokana nao, basi kipande hicho kimepitwa na wakati. Tarakilishi ambayo betri yake ndogo ya ndani imekwisha husahau tarehe kila inapozimwa na huweza kurudi nyuma miaka mingi. Hapo “make” hutoa onyo la “clock skew”, na huenda ikaunda tena kila kitu au ikaacha kuunda kinachostahili. Tarehe irekebishwe kwanza.

Ya pili ni umeme. Umeme ukikatika kompaila ikiwa katikati ya kuandika kipande, kipande hicho hubaki nusu. Kwa kuwa wakati wake ni mpya, “make” hukiona kuwa kamili na kukiruka, kisha kiunganishi hukikataa. Baada ya umeme kukatika, “make clean” itolewe ili vipande vyote vifutwe na kazi ianze upya.

Ya tatu ni uhaba wa kumbukumbu na nafasi. Mashine yenye kumbukumbu ndogo huweza kuiua kompaila bila kueleza sababu zaidi ya neno “Killed”. Kupunguza kazi za pamoja kwa “-j1” husaidia. Ujumbe wa “No space left on device” hueleza kwamba diski imejaa, na amri ya “df -h” huonyesha ni sehemu ipi.

Ya nne ni ruhusa. Mwanafunzi anayetumia tarakilishi ya maabara hana mamlaka ya kuandika katika saraka za mfumo, na “make install” humjibu “Permission denied”. Hahitaji kuomba neno la siri la msimamizi. Akitoa mwanzoni amri ya “./configure --prefix=$HOME/programu”, kila kitu kitasakinishwa katika saraka yake mwenyewe, na akikosea hatamharibia mtu mwingine.

Ya tano ni faili zilizohaririwa katika Windows, jambo la kawaida kwa wanaofanya kazi katika saiba. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, na Unix kwa moja. Hati ya amri iliyopitia Windows huweza kukataa kuendeshwa na kuonyesha alama ya ^M mwishoni mwa jina la kitekelezaji. Programu ndogo ya “dos2unix” huziondoa alama hizo za ziada.

Hitilafu za Lugha

Programu nyingi huria hutumia mfumo wa GNU gettext katika kutafsiri jumbe zake. Kila lugha ina faili yake. Ya Kiswahili huitwa sw.po. Ndani yake kila ujumbe wa asili hufuatwa na tafsiri yake. Wakati wa kuunda furushi, amri ya “msgfmt” huigeuza faili hiyo kuwa sw.mo, inayosomwa na mashine. Mtafsiri akiwa na kosa la kimuundo, furushi zima huweza kukataa kuundwa. Kwa hiyo asithubutu kuwasilisha kazi yake kabla ya kutoa amri ya “msgfmt -c -v -o sw.mo sw.po”, ambayo hukagua makosa na kutaja idadi ya jumbe zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa.

Kosa la kwanza linahusu mpangilio wa maneno. Jumbe nyingi huwa na alama zinazoshika nafasi ya data: %s kwa matini na %d kwa namba. Chukulia ujumbe wa Kiingereza “%d-page %s”, unaotaja waraka kwa idadi ya kurasa zake. Kiingereza hutanguliza sifa, Kiswahili hutanguliza nomino. Mtafsiri huandika kwa kawaida “%s yenye kurasa %d”. Kisarufi haina tatizo la mpangilio, lakini kwa mashine ni hatari: programu hutoa namba kwanza, na sasa namba hiyo inapokewa na alama ya matini. Programu huweza kuanguka papo hapo. Suluhisho ni kuzipa alama namba za mpangilio wa asili: “%2$s yenye kurasa %1$d”. Chaguo la “-c” hulinasa kosa hili mapema, mradi ujumbe huo umetiwa alama ya c-format katika faili ya tafsiri.

Kosa la pili ni la upatanisho wa kisarufi, na hili hakuna mashine inayolinasa. Katika mfano uliotangulia, neno “yenye” linafaa kwa barua, lakini kwa kitabu litakiwe “chenye” na kwa jedwali “lenye”. Vivyo hivyo, ujumbe wa kwamba %s imefutwa hauwezi kujua kama kilichofutwa ni faili, kitabu au jedwali. Mtafsiri asiyefikiri hutumia ngeli ya I-ZI kila mahali na kuzalisha Kiswahili kibovu. Mwenye kuijua sarufi huhamisha upatanisho kutoka katika nomino isiyojulikana hadi katika nomino inayojulikana. Badala ya “%s imefutwa” huandika “Umefuta %s”, ambapo kiambishi nafsi hakitegemei ngeli ya kilichofutwa. Badala ya “%2$s yenye kurasa %1$d” huandika “Idadi ya kurasa za %2$s ni %1$d”, ambapo “za” inapatana na kurasa, na kurasa hazibadiliki. Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapokuwa sehemu ya utatuzi wa hitilafu za programu.

Kosa la tatu ni la umoja na wingi. Kichwa cha faili ya tafsiri hueleza lugha ina maumbo mangapi; Kiswahili huandikiwa “nplurals=2; plural=(n != 1);”. Maumbo yote mawili ni sharti yatafsiriwe, hata pale nomino isipobadilika: “Faili %d imefutwa” na “Faili %d zimefutwa”. Kwa kuwa wako wanaosema faili katika ngeli ya I-ZI na wanaosema mafaili katika LI-YA, kikundi cha watafsiri hakina budi kukubaliana kabla ya kuanza, la sivyo programu moja itazungumza kwa sauti mbili.

Kosa la nne limo katika alama ndogo kabisa: kibainishi cha ng'. Neno kama “mng'ao”, linalohitajika katika menyu ya skrini, huweza kuleta hitilafu za namna mbili. Katika hati ya amri, matini iliyofungwa kwa alama moja ya nukuu, kama 'Punguza mng'ao', huhesabiwa kuwa imefungwa baada ya “mng”, na alama ya mwisho huonekana kuwa nukuu mpya isiyofungwa. Hati hushindwa, na huenda kosa likatajwa mwishoni mwa faili, mbali na neno lenyewe. Matini hiyo ifungwe kwa alama mbili za nukuu. Pili, programu za kuandikia nyaraka hugeuza kibainishi kilichonyooka kuwa kilichopinda. Kilichopinda hakimo katika seti ya herufi za ASCII. Ikiwa kichwa cha sw.po hakitaji UTF-8 kuwa seti ya herufi, “msgfmt” italalamika au herufi zitaonekana vibaya. Faili za tafsiri ziandikwe kwa kihariri cha matini tupu, na kichwa chake kitaje UTF-8.

Tafsiri Iliyosakinishwa Isiyoonekana

Huenda furushi likaundwa bila kosa, likasakinishwa, na bado programu ikazungumza Kiingereza. Hii ndiyo hali inayowavunja moyo watafsiri wengi, kwa kuwa hakuna ujumbe wa kosa wa kufuata. Mambo manne yachunguzwe kwa mfuatano:

(i) Je, “sw” imetajwa katika faili ya LINGUAS iliyomo katika saraka ya po? Lugha isiyotajwa haiundwi.

(ii) Je, mfumo wenyewe unaijua lugha hiyo? Amri ya “locale -a” huonyesha orodha. Ikiwa sw_KE au sw_TZ haimo, programu hurudi katika Kiingereza. Katika Debian huongezwa kwa “dpkg-reconfigure locales”.

(iii) Je, faili ya .mo iko mahali programu inapoitafuta? Programu iliyosakinishwa katika /usr/local huitafuta katika /usr/local/share/locale/sw/LC_MESSAGES, si katika /usr/share.

(iv) Je, ujumbe umetiwa alama ya “fuzzy”? Toleo jipya linapotoka, amri ya “msgmerge” huhamisha tafsiri za zamani na kutia alama hiyo kwa zile ambazo asili yake imebadilika kidogo. “Msgfmt” huziruka zote hadi mtafsiri azihakiki na kuondoa alama.

Jambo la nne ndilo linaloonyesha jinsi tafsiri inavyozeeka. Haifutwi na mtu. Kila toleo jipya huongeza jumbe zenye alama hiyo, na kila ujumbe usiohakikiwa hurudi kimya katika Kiingereza, hadi skrini ya Kiswahili inakuwa mchanganyiko, na mwishowe Kiingereza kitupu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hitilafu za uundaji wa mafurushi zina mpangilio, na kwamba mtu hahitaji kuwa mhandisi ili kuzifuatilia. Anachohitaji ni kuitambua hatua iliyoshindwa, kutafuta kosa la kwanza badala ya la mwisho, kubadilisha jambo moja kwa wakati, na kuweka kumbukumbu ya alichofanya. Anapolazimika kuomba msaada, ataje jina na toleo la mfumo wake, toleo la furushi, amri aliyoitoa na kosa la kwanza kama lilivyoandikwa. Anayetaka kuanza afanye mazoezi kwa furushi la GNU Hello, ambalo kazi yake ni kutoa salamu tu, lakini lina hatua zote zilizoelezwa hapa pamoja na saraka ya tafsiri. Alifungue, aliunde, atafsiri salamu yake, kisha aliunde tena hadi mashine imjibu kwa Kiswahili.

Mjadala kuhusu istilahi, kama vile tarakilishi au kompyuta, umechukua nafasi kubwa katika vyama vya Kiswahili, nao ni mjadala wa haki. Lakini istilahi iliyokubaliwa ukumbini haiwi hai hadi iingie ndani ya programu na kubaki humo toleo baada ya toleo. Anayeweza kuliunda upya furushi ndiye anayeweza kuifanya ibaki.